Dakika Tisa Sheli

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, katika kituo kimoja cha mafuta kando ya barabara ya kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani. Aliyefikwa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pili. Hakuna aliyekufa wala aliyeungua. Aliyeumia alichubuka goti na kiganja. Nakiandika kwa sababu wiki nzima baada ya siku ile kila aliyekuja kutoa pole alikuja na mshtakiwa wake, na kadiri nilivyowasikiliza nikaona wanamshtaki asiyehusika.

Ilivyokuwa

Gari ni Toyota IST ya gia otomatiki. Nyuma ya dereva alikuwa mtoto mchanga wa miezi 8, kwenye kiti cha mtoto cha mtumba, amefungwa vizuri. Katikati binti wa miaka 3. Kushoto, kwenye mlango, kaka yao wa miaka 6. Siti ya mbele ilijaa mabegi na ndoo ya vitumbua, maana walikuwa wanakwenda Lindi kwenye harusi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kaka yangu alikuwa Newala kwenye mambo ya mnada. Dada wa kazi, ambaye kwa kawaida ndiye hukaa nyuma na watoto, aliomba ruhusa akawasaidie wazazi wake kuokota korosho Tandahimba. Ukiishi Kusini unajua kwamba mwezi ule mtu hakataliwi ruhusa ya namna hiyo.

Taa ya mafuta ilikuwa inawaka tangu jana yake.

Aliingia sheli saa 10 jioni. Upande wa dizeli yalikuwa malori yenye magunia, upande wa petroli bajaji mbili na bodaboda kadhaa. Alisubiri zamu injini ikiwa inanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Zamu ilipofika, mhudumu, msichana mdogo tu, akamwambia, "Mama, zima gari." Akazima, lakini hakuchomoa ufunguo. Aliuacha kwenye swichi, pale taa za dashibodi zinapowaka, kwa kuwa vioo vya gari lile ni vya umeme na bila hivyo haviteremki, na watoto wangeiva mle ndani. Mkubwa akashusha kioo chake kiasi cha kiganja.

Akashuka. Tenki liko kushoto, kama ilivyo kwa Toyota nyingi, na dereva wetu hukaa kulia. Ukibaki kwenye usukani namba za pampu huzioni vizuri, na wifi yangu ni mtoto wa dereva wa lori aliyemfundisha kwamba mafuta hayanunuliwi mpaka umeiona sifuri kwa macho yako. Akazunguka, akaiona, akasema, "Weka ya arobaini."

Mafuta yakaingia. Akatoa simu alipe kwa lipa namba iliyobandikwa kwenye nguzo. Muamala ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma tena. Mhudumu akamwambia, "Mama, pale dirishani kwa keshia mtandao unashika, na risiti utaichukua palepale." Ni hatua 22 kutoka kwenye pampu, nilizihesabu baadaye. Akainama kwenye kioo cha mkubwa, akasema, "Nakuja sasa hivi, msishuke," akaenda.

Mtoto wa miaka 6 haoni malipo wala mtandao. Alichokiona ni mgongo wa mama unaondoka. Akafungua mkanda, akafungua mlango, akamfuata. Bodaboda mmoja alikuwa anakatisha ndani ya kituo, kuingia upande huu na kutokea ule, ili asisubiri kwenye makutano. Alifunga breki, pikipiki ikalala, mtoto akaenda chini nayo.

Mama akageuka kwa ukelele wa watu. Alipokuwa anamkimbilia, mambo mawili yakafanyika nyuma yake kwa wakati mmoja. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, akausukuma mlango uliobaki wazi ukafunga, maana bajaji ya nyuma ilikuwa inataka kupita. Na binti wa miaka 3, ambaye kufungua mkanda alijifunza zamani kuliko kuufunga, akapenya kati ya siti za mbele, akapanda kwenye siti ya mama ili aone nje kuna nini, akajishikiza mlangoni na kukandamiza loki. Milango yote minne ikalia kwa pamoja. Na ya buti.

Ufunguo ndani. Mchanga akaamka.

Zilipita dakika 9 kabla mlango haujafunguliwa. Tunazijua kwa sababu ya simu: ujumbe wa muamala wake wa mwisho ulioshindikana una saa yake, na kaka yangu alipigiwa mlango ulipofunguka tu. Katika dakika hizo watu walilizunguka gari, kila mmoja amebandika uso kiooni. "Mwanangu, vuta hapo! Bonyeza hapo! Siyo hapo!" Mtoto aliyezingirwa na nyuso kumi asizozijua akafanya alichoweza: akajikunja chini ya usukani akalia. Mmoja akaja na jiwe. Mwingine akamzuia, akasema kioo cha mbele ni ghali, subirini fundi.

Aliyepata akili ni yuleyule kijana wa bodaboda, miguu ikimtetemeka bado. Alimtazama mkubwa, akatazama ule uwazi wa kioo, akasema, "Mama, mkono wa huyu unapita." Akamnyanyua. Mtoto, na goti lake la damu, akaingiza mkono hadi begani kwenye uwazi alioushusha mwenyewe, akapapasa, akaivuta loki. Wakafungua kwa nje. Mchanga alikuwa ameloa jasho kichwa kizima na analia kwa nguvu zake zote, jambo ambalo kwa hali ile ni habari njema.

Simu iliyoshtakiwa bure

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa simu. Mzee mmoja alianza palepale sheli: "Si imechorwa pale kwenye kibao, simu imekatwa mstari mwekundu? Mnafanya mzaha na petroli." Kaka yangu kutoka Newala akasema hayohayo. Mama mkwe akaongeza na mfano wa Morogoro, ule moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Agosti 2019, uliopoteza watu zaidi ya 100. Lakini Msamvu ni watu waliokuwa wanachota petroli iliyomwagika kutoka lori lililopinduka. Kuileta kwenye habari ya mama aliyesimama na simu mbele ya pampu ni kumtisha tu mtu ambaye tayari ameshatishika.

Kuhusu simu kuwasha moto, ushahidi ni mwembamba mno. Huko Marekani, ambako watu hujijazia mafuta wenyewe, taasisi iitwayo Petroleum Equipment Institute ilikusanya kwa miaka mingi taarifa za mioto iliyotokea wakati wa kujaza. Haikupata mmoja uliothibitika kuwashwa na simu ya mkononi. Kilichojirudia ni umeme tuli: mtu anaanza kujaza, anarudi kuketi garini, nguo zinasuguana na siti, kisha anatoka na kushika mdomo wa pampu bila kugusa bati kwanza. Cheche inaruka penye mvuke. Hali hiyo hupenda hewa ya baridi na kavu. Mtwara Novemba ni joto la kunata na unyevu wa bahari, na tena huku anayeshika pampu ni mhudumu aliyesimama chini muda wote, haingii wala hatoki garini. Sisemi kibao kidharauliwe. Ukikuta kinakataza, tii. Nasema hakikuwa na neno lolote la kumwambia wifi yangu kuhusu hatari iliyokuwa mbele yake.

Isitoshe, chini ya kibao hichohicho, kwenye nguzo hiyohiyo, ndipo ilipobandikwa karatasi ya lipa namba. Sasa mteja atii kipi?

Kilichomwondoa garini

Jumamosi iliyofuata nilirudi pale, nikakaa saa nzima kwenye benchi la mama anayeuza maji, nikitazama. Mafuta ya shilingi elfu arobaini kwa bei za miaka hii hayafiki lita 15. Pampu ya kawaida hutoa lita 30 hadi 40 kwa dakika. Kumimina kwenyewe, basi, ni kama nusu dakika. Muda wote uliobaki unaliwa na foleni, chenji, muamala na risiti. Mzazi aliye peke yake huwa makini sana katika ile nusu dakika, kwa sababu ndiyo inayonuka petroli, halafu akilegea mafuta yakishaingia ndipo watoto wanapoponyoka.

Niliuliza swali moja tu: ni nini kilichomtoa kwenye usukani? Majibu ni mawili, sifuri na malipo.

Sifuri simlaumu hata kidogo. Ujanja wa kuanzia namba za mteja aliyetangulia upo, na baba yake hakumfundisha uongo. Ila kushuka na kuzunguka gari si njia pekee. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, huandika lita na kiasi cha fedha, na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukijua bei ya mwezi huo unagawanya kichwani ukiwa umeketi. Unaweza pia kumwambia mhudumu kwa adabu, "Dada, nina watoto, naomba unisomee." Mhudumu akisoma kwa sauti mbele ya foleni, ujanja unamwia mgumu.

Malipo ndiyo kiini cha kisa. Soma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi za watu: lipa kwa kadi kwenye pampu, au wachukue watoto wote uingie nao dukani. Wa kwanza haupo kwenye sheli nyingi za kwetu. Wa pili umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumfunga mchanga mgongoni kwa kanga, akamshika mmoja kulia na mwingine kushoto, akakatiza uwanja wenye malori, bajaji na bodaboda wasio na njia maalumu. Hapo unawatoa watoto kwenye chuma na kuwaweka mbele ya pikipiki. Wifi yangu alipoulizwa na kaka yangu, "Kwa nini hukushuka nao wote?" nilimjibu mimi kwa niaba yake, na sikumjibu kwa upole.

Pengine wa kuulizwa ni mpangilio wa pale. Kituo chenye njia mbili kwenye kona kinakuwa njia ya mkato, na bodaboda anayekatisha haendi mwendo wa mtu anayetafuta mafuta. Nilihesabu waliokatisha mpaka nikachoka. Tuta moja la zege kila upande lingewapunguza. Nilimwambia msimamizi, akanisikiliza vizuri, na hadi naandika haya tuta halijajengwa.

Kwa hiyo mtu afanyeje mtandao ukigoma kwenye pampu? Jibu nililolipata ni jepesi kiasi kwamba niliona aibu kwa kutolifikiria kabla: asogeze gari. Mafuta yameshaingia, mfuniko umefungwa, mpira wa pampu umerudi mahali pake. Anawasha, anasogea zile hatua 22, anasimama na mlango wake ukiwa usawa wa dirisha la keshia, anazima, anachomoa ufunguo, analipa akiwa ameketi au amesimama mguu mmoja garini. Kizuizi ni kimoja, nacho ni cha kibinadamu: mhudumu akiona gari linasogea bila kulipa, moyo unamruka, kwani hasara ikitokea ataanza kuulizwa yeye. Mwambie kabla hujawasha: "Nasogea pale dirishani, panda hapa mbele twende wote," au muache ashike simu yako. Nilipomweleza yule msichana, alicheka, akasema, "Mama angesema tu, ningemtangulia."

Loki na maandishi ya Kijapani

Watoto walifungua mikanda, hilo sikulitilia uzito. Mtoto wa miaka 3 anayeweza kufungua mkanda ni wa kawaida, na wa miaka 6 ni lazima aweze, siku ya ajali atauhitaji ujuzi huo. Kilichonishangaza ni mlango.

Kwenye ukingo wa kila mlango wa nyuma, mahali usipopaona mlango ukiwa umefungwa, pana kidude kidogo cha kusukuma kwa kidole. Ukikisukuma, mkono wa ndani wa mlango ule unakufa: utavutwa mchana kutwa na hautafungua. Kwa nje unafunguka kama kawaida. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na kando ya kidude hicho maelezo yameandikwa kwa Kijapani, pengine na kipicha cha mtoto kilichofifia. Wifi yangu analiendesha gari lile mwaka wa nne na hakuwa akijua kipo. Kaka yangu naye hakujua, ingawa aliwahi kufungua injini ya gari hilohilo uani. Niliwauliza madereva watano wa teksi stendi. Wawili walikijua, mmoja kwa sababu kiliwahi kujisukuma chenyewe na abiria akadhani ametekwa.

Kama kidude kile kingekuwa kimesukumwa, mkubwa asingetoka. Kisa kingeishia kwenye mtoto anayelia "mama" dirishani.

Lakini kisingezuia nusu ya pili. Loki iliyobonyezwa na binti iko mlango wa mbele, nayo hufunga milango yote. Dawa ya hapo ni ufunguo, na mahali pa ufunguo ni mfukoni au kidoleni mwa mtu aliye nje, hata kama ameshuka kwa pumzi tatu. Najua sababu ya kuuacha ilikuwa huruma, ili vioo viteremke. Basi vioo viteremshwe kwanza, kisha ufunguo uchomolewe. Kioo kikishateremka hakihitaji ufunguo kubaki chini. Na kuna jingine ambalo hatukulifikia kwa bahati tu: ufunguo ukiwa kwenye swichi, mkono wa mtoto unaweza kuuzungusha. Otomatiki iliyo kwenye P, yaani gia ya kuegesha, itawaka na kusimama palepale. Gari la gia za mkono lililoegeshwa ndani ya gia litaruka mbele, na mbele kuna pampu au mtu. Wenye pikapu na Land Cruiser za zamani wanielewe.

Joto, na lile jiwe

Ninarudi kwenye zile dakika 9, kwa kuwa watu waliokuwepo walizichukulia kama usumbufu.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Selsiasi. Ndani ya saa moja gari lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa imekwisha katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo nao hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. IST ile ilikuwa chini ya paa la sheli, kivulini, na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa dakika chache tu kabla. Ndiyo maana mchanga alitoka na jasho na kilio tu. Gari hilohilo likiwa limeegeshwa pembeni, juani, saa 7 mchana, dakika 9 ni habari nyingine, na wale waliosema "subirini fundi" wasingekuwa na neno la kujitetea.

Kwa hiyo yule mwenye jiwe alikuwa na haki kuliko aliyemzuia. Alichokosea ni kioo. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizogandishwa na utando katikati. Utakipiga kitapasuka nyufa na hakitaachia. Vioo vya milango vimetengenezwa vivunjike kuwa chenga ndogondogo. Hupigwa kwenye kona, karibu na fremu, kwa kitu kigumu chenye ncha, spana au ncha ya jeki, na huchaguliwa kioo kilicho mbali na mtoto. Kwenye gari lile kingekuwa cha mbele kushoto, juu ya ndoo ya vitumbua. Kioo hicho kinauzwa madukani, mtoto mchanga hauzwi. Nikiulizwa lini, ningesema: mtoto akiwa mchanga, na ufunguo wa akiba hauko palepale, jaribio moja la kumbembeleza aliye ndani, kisha vunja. Na anayembembeleza awe mmoja, mama, wengine wote wakae mbali na vioo. Binti yule angeweza kuvuta loki. Nyumbani huivuta kila siku akicheza. Zile nyuso kumi ndizo zilizomshinda.

Kuhusu mvuke nitasema machache, maana haukuwa na sehemu kubwa katika kisa chenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, kimo cha mtoto aliyesimama. Hiyo ni sababu nyingine ya kutowashusha watoto kando ya pampu. Kioo cha upande wa tenki kifungwe wakati wa kumimina, cha upande wa pili kiteremshwe. Najua msomaji makini ameshaona kitendawili: ni kile kioo cha upande wa tenki, kilichoachwa wazi kimakosa, ndicho kilichotuokoa. Ni kweli. Siwezi kukigeuza kuwa kanuni kwa sababu hiyo. Na ikitokea moto ukawaka mdomoni mwa tenki, mpira usichomolewe; ukichomolewa unamwaga petroli inayowaka. Uachwe, watoto watolewe kwa milango ya upande wa pili, mhudumu azime pampu. Zimamoto ni 114.

Sasa anafanyaje

Jambo la kwanza alilolibadilisha ni kujaza mafuta kabla ya kuwachukua watoto. Tenki likifika robo, anapitia sheli asubuhi akitoka kuwapeleka shule, akiwa na mchanga peke yake, kabla ya foleni. Ile taa iliyokuwa inawaka tangu jana yake ndiyo iliyompeleka sheli saa 10 jioni na gari limejaa, na nikimtania huwa namwambia tungeandika kisa chote kwa neno hilo moja. Safari ya hadi Lindi mjini na kurudi inataka tenki, na tenki linajazwa usiku wa kuamkia au asubuhi, siyo njiani.

Vidude vya milango ya nyuma vyote viwili vimesukumwa. Mkubwa alinung'unika siku mbili. Ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba ya kitambulisho, na wa akiba, uliokuwa kabatini Newala kwa sababu asiyoikumbuka mtu, sasa uko kwenye mkoba wake, nao haubaki garini akishuka. Kwenye kikinga jua cha dereva kuna noti nne za elfu kumi zilizokunjwa pamoja. Mtandao ukigoma, zinatoka hizo kupitia dirishani, na risiti inaletwa na mhudumu.

Sifuri hakukubali kuiacha, na sikumlazimisha. Alichofanya ni kumpa mkubwa kazi hiyo. Mtoto yupo darasa la kwanza, namba anazijua, na kwa pale alipokaa pampu iko mbele ya uso wake. Kioo kimefungwa, mkanda umefungwa, mama yuko kwenye usukani na anamtazama kwenye kioo cha ndani.

Nilipanda nao mwezi uliopita tukienda Mnazi Mmoja, ile ya Lindi. Tulisimama sheli ileile, msichana yuleyule. Kabla hajashika pampu alimtazama mtoto kwanza.

"Haya, bosi, ngapi?"

"Sifuri, sifuri, sifuri," akajibu kwa sauti ya kupita kwenye kioo. Halafu akatafakari, akaongeza, "Na nukta."

Mdogo wake akanyoosha mkono kuelekea loki ya mlango. Ufunguo ulikuwa shingoni kwa mama, kwa hiyo hakuna aliyemkemea.